Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani: kamusi iliyomo kwenye barua pepe yako

Shuleni Kenya, Tanzania na Uganda tunafundishwa "colour", "centre" na "programme". Ofisini tunakabidhiwa kompyuta ambayo mara nyingi imeachwa kwenye Kiingereza cha Marekani. Barua iliyoandikwa vizuri kabisa inajaa mistari myekundu, mwandishi anaiamini mashine, anaanza kubadilisha. Ndipo unapokuta barua moja ya tenda ina "labour" aya ya kwanza na "labor" aya ya tatu. Tahajia zote mbili ni halali. Kosa ni kuzichanganya.

Tuanze na Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, ile ya Windows ya kusakinishwa inayoitwa "classic", maana ndiko kwenye utata zaidi. Humo kila kipande cha maandishi hubeba alama yake ya lugha. Ukibandika aya kutoka hati ya mtu wa New York, alama yake ya Marekani huja nayo, na hata sahihi yako iliyohifadhiwa chini ya barua ina ya kwake. Ndiyo sababu "organise" inaweza kupita juu na kukataliwa chini, katika barua ileile. Dawa: bofya ndani ya barua, bonyeza Ctrl+A, nenda "Review", kisha "Language", kisha "Set Proofing Language". Chagua "English (United Kingdom)", ondoa tiki kwenye "Detect language automatically", bofya "Set As Default". Angalia pia "Do not check spelling or grammar" isiwe na tiki. Ikiwa nayo, hutaona mstari wowote na utadhani barua ni safi.

Baada ya hapo bado kuna kibodi. Outlook hufuata lugha ya kibodi unayoandikia, kwa hiyo Windows ikiwa kwenye "English (United States)", maneno mapya yanaweza kurudi Marekani yenyewe. Wengi huongeza Kiingereza cha Uingereza, kisha hukimbia, kwa sababu mpangilio wa vitufe wa Uingereza hubadilishana alama ya @ na alama za kunukuu. Si lazima uukubali. Kwenye mipangilio ya lugha ya Windows ongeza "English (United Kingdom)", ingia kwenye chaguo za lugha hiyo, ongeza kibodi ya "US", halafu ondoa ile ya Uingereza. Lugha inabaki ya Uingereza, vitufe vinabaki ulivyovizoea.

Sasa sehemu inayoumiza watu kweli. Kikagua tahajia huuliza swali moja tu: neno hili limo kwenye kamusi? Hakijui ulikusudia nini. Chukua sentensi hii: "Kindly receive the check for four tires, to be delivered to the two-story building." Kwa Mwingereza hapo kuna makosa matatu: hundi ni "cheque", tairi ni "tyre", ghorofa ni "storey". Lakini "check" ni kukagua, "tire" ni kuchoka, "story" ni hadithi, yote maneno halali, kwa hiyo kamusi ya Uingereza inayapitisha. Vivyo hivyo "licence" na "license": Uingereza ya kwanza ni nomino, ya pili ni kitenzi, na kamusi inakubali zote.

Outlook na Word zina njia nzuri ya kulizuia hili, ambayo ni wachache wanaitumia. Kwenye folda ya %AppData%\Microsoft\UProof kuna faili liitwalo ExcludeDictionaryEN0809.lex, 0809 ni Kiingereza cha Uingereza, 0409 ni cha Marekani. Funga programu, lifungue kwa Notepad, andika neno moja kila mstari kwa herufi ndogo: tire, curb (ukingo wa barabara, ambao Uingereza ni "kerb"). Hifadhi, fungua tena, na maneno hayo yatapigiwa mstari daima. Usiweke "check" wala "meter". Mita ya maji ni "meter" hata London.

Kuhusu "-ize", wengi wanaamini ni ya Marekani tu. Oxford huitumia, na Umoja wa Mataifa pia, hivyo kamusi za Uingereza kwa kawaida hupitisha "organize" na "organise". Chagua moja, kisha itafute nyingine kwa kitufe cha F4 ndani ya barua ya Outlook. "Analyse" ya Uingereza haina z kabisa, na "supervise" ni s pande zote.

Majina rasmi usiyaguse. Ni "World Health Organization" na "International Labour Organization", lenye u na z pamoja. CDC ya Atlanta, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ni "Centers". Africa CDC ya Addis Ababa, ya Umoja wa Afrika, ni "Centres". Kwenye ombi la ufadhili, kosa la jina la mfadhili huonekana kabla ya bajeti.

Ukitumia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, toleo la Kiingereza cha Marekani huja na kamusi ya Marekani. Ukiwa unaandika, bofya kulia, "Languages", "Add Dictionaries", sakinisha ya Uingereza, uichague. Kama uliwahi kuongeza neno bovu kwenye kamusi yako binafsi, litapita katika lugha zote. Funga Thunderbird, fungua persdict.dat kwenye folda ya wasifu wako, futa mstari wa neno hilo, hifadhi.