Siku tuliyokwenda High Force

Nilikuwa Newcastle kwa dada yangu, na Jumamosi moja akatuchukua kwa gari hadi bonde la mto Tees, mimi na mpangaji mwenzake, kijana Mnorwei. Tulipokikuta kibao cha High Force, maporomoko ya maji tuliyoyaendea, dada akanichokoza: "Haya mwalimu, huyo hapo Newton wako." Nafundisha fizikia, ambamo force ni neno la Newton, lile la kusukuma na kuvuta, kwa hiyo nilistahili.

Mnorwei akadakia kutoka kiti cha nyuma. Hiyo ni foss, akasema, neno la kwao. Watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini mwa Uingereza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita walikuja na fors, yaani maporomoko ya maji, na Waingereza wakaja kuliandika kama force yao nyingine, ile iliyotoka Kilatini kupitia Ufaransa. Hazina undugu wowote, sawa na paa la nyumba na paa wa porini.

Kiingilio kilimuudhi dada. Lakini tulianza kuusikia mngurumo kabla hatujaona kitu, na baada ya kona moja maji hayo hapo: ya kahawia kwa mboji ya milimani, yanashuka mita 21 kutoka kwenye mwamba mweusi mgumu, na chini yake tabaka laini zinazidi kulika. Miwani yangu ilijaa manyunyu, nikawa naifuta kwa shati.

Mbele kidogo, mto ukielekea chini, ipo Low Force, ngazi fupifupi za maji. Hii, alisema kijana, Mswidi angeiita fors, kwa kuwa kwao fors ni maji yanayokwenda mbio juu ya mawe. Yakidondoka hasa ni vattenfall. Foss ya Mnorwei lazima ianguke.

Nikamuuliza, na ile ya Newton? Kraft. Ya kutumia nguvu kwa mtu? Makt, na ikishaumiza ni vold. Nikacheka, maana na sisi tumezigawa: ya Newton ni kani, ya polisi ni jeshi, ya mwonevu ni mabavu. Mwingereza ndiye aliyezirundika zote kwenye gunia moja, kisha akatutungia mtihani.

"Na kraft ni umeme pia," akaongeza. "Foss kubwa hivi, kwetu wangeshaifungia mitambo."

"Waje basi," dada akasema akiwasha gari. "Bili yangu ya mwezi huu hujaiona."