Rekodi 43 zilizokuwa zinanitoroka

Zimepatikana! Usiku wa nne huu jedwali lina rekodi 1,043 na programu yangu ya Pro*C (lugha ya C yenye amri za SQL za hifadhidata ya Oracle ndani yake) inashikilia kuwa ni 1,000. Leo imetoa 1,043. Nimeiendesha mara tano, sikuamini macho.

Niliponaswa ni hapa. Arei yangu (safu ya visanduku vya kupokelea data) inabeba rekodi 100, hivyo FETCH, amri ya kuleta rekodi kutoka kwenye hifadhidata, inaleta mia mia. Juu kabisa niliweka WHENEVER NOT FOUND DO break, yaani data ikiisha toka kwenye kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia), kama kawaida. Sasa mkupuo wa kumi na moja una rekodi 43 tu, haujazi arei, basi unarudi pamoja na SQLCODE 1403, yaani data imekwisha. Zile 43 zimeshaingia kwenye arei, zimekaa zinanisubiri, ila break inanitoa nje ya kitanzi kabla sijazigusa. Wala hakuna ujumbe wa kosa. Kimya tu!

Kabla ya kufika hapo nilipoteza usiku mzima kwa ujinga mwingine. Idadi ya rekodi zilizoletwa huwekwa kwenye kisanduku kimoja cha arei iitwayo sqlerrd. Mfano niliousoma ulikuwa wa lugha ya COBOL, SQLERRD(3), nami nikaandika sqlerrd[3] kwenye C. COBOL inahesabu kuanzia 1, C kuanzia 0. Nilikuwa nasoma kisanduku cha jirani. Kisanduku chenyewe ni sqlerrd[2].

Nilipokipata nikajiona fundi, nikawa najumlisha thamani yake kila FETCH. Jibu: 5,500. Kumbe hakisemi idadi ya mkupuo huu, kinasema jumla tangu OPEN, amri inayoanzisha ulizo: 100, 200, 300... Mimi najumlisha jumla! Haya yote niliyaona kwa printf, yaani kuchapisha thamani kwenye skrini, si kwa debaga (programu ya kufuatilia msimbo hatua kwa hatua). Ukiingia na debaga kwenye C iliyotemwa na prikompaila (programu inayogeuza amri za SQL kuwa C) utalia.

Tiba ni fupi. Ndani ya kitanzi naweka `zamani = sqlca.sqlerrd[2];` mara tu baada ya kila FETCH, kabla ya kushughulikia mkupuo. Kitanzi kikivunjika, `sqlca.sqlerrd[2] - zamani` inanipa 43, nazishughulikia. Na isomwe papo hapo baada ya FETCH, maana amri yoyote ya SQL inayofuata inafuta kilichomo.

Nilipanga leo niandike sehemu ya kutoa faili la CSV. Sijaigusa. Nimetaka kwanza kuonyesha asilimia ya kazi iliyokamilika, na hapo sqlerrd haisaidii, inajua kilichokwisha kuletwa tu. Kutanguliza SELECT COUNT(*), ulizo la kuhesabu rekodi, sikupendi: kazi mara mbili, na katikati mtu anaweza kuingiza rekodi mpya, hesabu zikaachana. Nimebandika COUNT(*) OVER (), inayotoa hesabu ya rekodi zote pamoja na kila rekodi, kama safuwima ya ziada kwenye ulizo lenyewe, na jumla inakuja na mkupuo wa kwanza. Ubaya wake, hifadhidata lazima imalize kuhesabu zote ndipo itoe hata rekodi moja, kwa hiyo asilimia inakaa sifuri muda mrefu halafu inaruka. Kwa rekodi 1,043 huoni kitu. Kesho najaribu jedwali kubwa.