Waya wa Choki

Mara ya nne pikapu ilituzimikia katikati ya mashamba ya chumvi, kati ya Gongoni na Ngomeni, saa nane mchana, nyuma tumebeba barafu. Pale hakuna kivuli. Nilikaa chini ubavuni mwa gari nikitazama maji yakidondoka kwenye mlango wa nyuma, kwanza tone moja moja, kisha mchirizi. Ami alikuwa bado ndani, mikono juu ya usukani, hasemi kitu.

Ilikuwa Februari 1999. Kaskazi imetulia, nguru wanapatikana Ngomeni kila siku, na Ami, mdogo wake baba, alikuwa akiwapelekea wavuvi barafu na kurudi Malindi na samaki. Riziki ya nyumba mbili ilibebwa na pikapu moja kuukuu, Peugeot 504 ya petroli. Watu walimshauri aiuze. Kila aliyemshauri alikumbushwa kwamba 504 ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, na ikashinda tena 1978. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikawa utingo wake.

Ugonjwa wa gari lile ulikuwa wa kutia wazimu kwa sababu mjini haukuonekana. Asubuhi inawaka vizuri. Tunavuka daraja la Sabaki, tunapita Mambrui, injini inanguruma sawasawa. Tukishaacha barabara kuu pale Gongoni na kuingia njia ya Ngomeni, yenye matuta na makorongo, mambo yanaanza. Mshale wa joto unarukaruka. Injini inakatakata kama mtu aliyepaliwa. Tukipunguza mwendo kukwepa shimo, inazima. Ami akipiga stata, inasikika "tak" moja tu, basi. Tunangoja, tunaitikisa, tunaisukuma hatua mbili tatu, na hata kabla haijashika kasi stata inakubali na injini inawaka kana kwamba haikuwa na neno.

Gereji ya kwanza ilitubadilishia betri. Ya pili ikabadilisha koili, platini na plagi zote, kisha pampu ya mafuta. Kila mara gari lilipimwa limesimama kwenye sakafu, boneti wazi, na kila mara tuliambiwa sasa liko sawa. Ami alilipa. Pesa za pampu alizikopa, na najua alimkopa nani, kwa sababu mimi ndiye niliyetumwa. Sikuwa na kinyongo na mafundi kwa kutojua. Kilichoniuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyetuuliza kitu.

Jioni ya siku ile, barafu imekwisha na samaki wa watu wamekosa chombo, tukalipeleka gari kwa mzee mmoja wa Barani aliyekuwa akitengeneza dainamo na stata chini ya mwembe, nyumbani kwake. Tulimkuta ndiyo kwanza ametoka kuswali alasiri. Ami alipoanza kumweleza vipuri vilivyobadilishwa, alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, mwanangu, unayekaa upande wa pili? Inazimika wapi?"

Hakuuliza inazimika vipi. Nikamweleza: njia ya Ngomeni tu, kwenye matuta, mwendo ukiwa mdogo, na ikisukumwa kidogo inapona. Akatikisa kichwa nisiache. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Safari ya tatu, Ami akiwa anapiga stata, nilikuwa nimefungua boneti, nikaushika waya wa choki, ule unaovutwa kutoka ndani ya gari injini ikiwa baridi, niusogeze, ukaniunguza vidole. Nilidhani ni joto la injini.

"Uliushika wapi? Karibu na kabureta?"

"La, mzee. Huku mwishoni, unapoingia ndani ya gari."

Akanyamaza kidogo. Akaomba mkono wangu, akauangalia. Alama ilikuwepo bado, mstari mwembamba wa kahawia uliokatiza vidole viwili.

"Waya wa choki kazi yake ni kuvutwa tu," akasema. "Haubebi umeme. Sasa umepata wapi moto?"

Akaleta mita yake, kioo kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa gundi. Betri ilionyesha volti 12.6, nzima kabisa. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimeona gereji yoyote ikilifanya: ncha moja ya mita akaiweka kwenye hasi ya betri, ya pili akaikandamiza juu ya chuma cha injini. Akaniambia nisome. Akamwambia Ami apige stata. Stata ikasema "tak", na mshale wa mita ukapanda hadi kupita 3.

"Hapo palitakiwa pawe karibu na sifuri," akasema. "Hizo volti tatu zimepotea njiani, zikirudi."

Nilichojifunza pale sijakisahau. Umeme ukishatoka betrini na kufanya kazi, sharti urudi ulikotoka. Stata imefungwa kwenye injini, alteneta imefungwa kwenye injini, platini nazo zinapata njia yao kupitia injini. Lakini injini yenyewe imekalia raba ili isitetemeshe gari, na raba haipitishi umeme. Njia ya kurudi ni waya mmoja tu wa athi, uliofungwa kati ya bodi na giaboksi. Ukikatika, umeme unatafuta pengine pa kupitia. Kwetu sisi uliona waya wa choki, ambao mwisho mmoja umeshika kabureta na wa pili umeshika bodi. Waya mwembamba namna ile ukibebeshwa mzigo wa stata, lazima uwe moto.

"Njia ya kwendea wameipima wote," mzee akasema. "Ya kurudia kaipima nani?"

Akachukua waya mnene wa kujampia, akaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini. "Piga." Injini ilizunguka kwa nguvu ambazo sikuwahi kuzisikia tangu nianze kupanda gari lile. Ami aliizima, akaiwasha tena, akaizima, akaiwasha.

Nikatumwa mimi kuingia uvunguni. Ule waya wa athi ulikuwa wa nyuzi za shaba zilizosukwa bapa, na kwa kuutazama ulikuwa mzima. Nilipougusa ukamomonyoka mkononi, unga wa kijani ukanimwagikia shingoni. Zilibaki nyuzi chache sana, zinagusana na kuachana kwa kila tuta. Miaka mingapi tulipita kwenye tope la chumvi, likirukia uvunguni, na sisi tukiosha gari juu tu!

Mzee alikata kipande cha waya wa kuchomelea vyuma, akabana vichwa vya shaba. Mimi nikapiga msasa kwenye bodi na kwenye giaboksi hadi chuma kikawa cheupe, tukafunga bolti, tukapaka grisi juu. Akaongeza waya wa pili, kutoka betri hadi kwenye injini. Malipo aliyoomba hayakufika robo ya bei ya koili.

Kesho yake tukapakia barafu tena. Ami hakusema neno tangu Gongoni. Matuta yalikuwa yale yale. Tulipopita pale tulipokwama, alipunguza mwendo kwa makusudi mpaka tukawa tunatambaa, mshale wa joto umetulia, kisha akaongeza. Ngomeni tulifika mapema, majukwaa ya San Marco, yale ya Waitaliano ya kurushia roketi, yanaonekana baharini, watu wa mashua wameshatuona na wanakuja na matenga. Ami akazima injini. Akashuka, akafungua boneti, akaniita nikae kwenye usukani.

"Piga stata."

Nikapiga. Injini ilipowaka nilimwona kupitia upenyo wa chini ya boneti, kiganja chake kizima kimeukumbatia waya wa choki. Akakiacha pale muda mrefu. Kisha akafunga boneti, akawageukia wapakiaji. "Haya, shusheni barafu."