Shaun Edwards, mtu wa ulinzi

Jana nimechelewa kulala kwa sababu ya fainali ya zamani ya raga ya wachezaji 13: Wembley 1990, klabu mbili za Uingereza, Wigan na Warrington. Shaun Edwards wa Wigan anavunjika mfupa usoni mapema kabisa, jicho limevimba, na bado anakaba mpaka kipenga cha mwisho. Kombe likaenda Wigan. Mimi jino likiniuma tu siendi kazini, jamani!

Ndipo nikauelewa ukocha wake. Alihamia raga ya wachezaji 15 kufundisha ulinzi, na Wales aliowafundisha wakashinda mechi zote za Mataifa Sita, mashindano ya kila mwaka ya timu za taifa za Ulaya, 2008, 2012 na 2019. Kisha akiwa na Ufaransa, wakafanya hivyo hivyo 2022. Walinzi wake wanapanda kwa mstari mmoja, wanamvaa mwenye mpira kabla hajainua kichwa. Wakicheza tena Ufaransa, achaneni na mpira kidogo, utazameni ule mstari.