Boriti Isiyouzwa kwa Korija

Mwaka 2021, tulipokuwa tukimjengea mama yetu nyumba ya ghorofa moja huko Fuoni, Unguja, kazi ilisimama kwa wiki tatu kwa sababu ya boriti moja. Kuta za chini zilikuwa zimeshafika usawa wa slabu, mirunda ilikuwa imeshakodiwa, na mimi, niliyekabidhiwa daftari la matumizi na ndugu zangu kwa kuwa uhasibu ndiyo kazi yangu, nilijidanganya kwamba sehemu ngumu ya hesabu imekwisha.

Mama alikuwa na sharti moja tu, nalo ni kwamba ukumbi wa chini uwe mpana na usiwe na nguzo katikati. Alikulia Mji Mkongwe, katika nyumba ya mawe na chokaa ambayo dari yake ilibebwa na boriti za mikoko, na aliyewahi kuishi humo anajua kuwa upana wa chumba haukuamuliwa na mwenye nyumba bali na mti. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi inayozidi sana mita 3, kwa hiyo vyumba vilijengwa virefu na vyembamba kama ushoroba, na palipokuwa na khitma nusu ya wanawake walikaa ndani na nusu ngazini. Safari hii alitaka wote wakae pamoja. Nafasi iliyohitaji kuvukwa ilikuwa mita 5 kamili.

Fundi mkuu alipendekeza boriti ya zege, na sina budi kukiri kwamba kwa upande wa fedha alikuwa na haki, kwa sababu nondo, kokoto na mbao za boksi tulikuwa nazo pale pale. Tatizo lilikuwa urefu wake wa kwenda chini. Kwa hesabu za mhandisi, boriti hiyo ingekuwa na kina cha sentimita 50, na hata baada ya kuondoa sentimita 15 zinazomezwa na slabu, zingebaki 35 zikining'inia juu ya vichwa vya watu katika nyumba ambayo kuta zake hazikupandishwa kwa matarajio hayo. Boriti ya chuma yenye umbo la herufi I, ile ambayo mafundi huiita aibimu, ilitosha kwa kina cha sentimita 30, na nusu yake ingefichika ndani ya slabu.

Mama hakukipenda chuma hata kidogo. Ilikuwa miezi michache tu tangu sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, iporomoke, tarehe 25 Desemba 2020, na ingawa hakuna aliyemwambia kwamba kosa lilikuwa la chuma, yeye alizikumbuka zile nguzo za chuma za jengo hilo la Sultani Barghash alizozipita tangu utotoni, akasema kwamba kama jengo la tangu 1883 limeweza kulala chini basi hana hamu ya kulala juu ya kitu asichokielewa. Ndiyo maana aling'ang'ania kufuatana nami Dar es Salaam kwenda kuinunua.

Tulivuka kwa boti ya asubuhi, tukazunguka maduka ya Gerezani mpaka adhuhuri. Katika duka la tatu mama alimsalimia kijana wa dukani, akaitazama rundo ya boriti zilizolala sakafuni, kisha akamwuliza, “Mwanangu, korija moja mnauzaje?” Kijana alinitazama mimi. Kwa mama swali lilikuwa la kawaida kabisa, kwani boriti za mikoko huuzwa kwa korija, ishirini ishirini, na baba yake alizinunua hivyo hivyo. Kijana akajibu kwa adabu, “Shikamoo bibi, hizi tunauza kwa kilo.” Mama alidhani anataniwa. Kitu cha kuuzwa kwa kilo, alisema, ni sukari na pweza.

Bei ilikuwa shilingi 3,400 kwa kilo, na mwaka ule chuma kilikuwa kimepanda dunia nzima, hivyo kusubiri hakukuwa na maana. Aibimu ya milimita 300 ina uzito wa kilo 42.2 kwa kila mita. Urefu mfupi uliouzwa ni mita 6, yaani kilo 253, na shilingi 861,000 hivi. Hapo ndipo fundi mkuu, niliyekuwa nikizungumza naye kwa simu, alipotoa ushauri ambao nusura niufuate: tuchukue mbili za milimita 240, tuzilaze ubavu kwa ubavu, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na mbili haziwezi kushindwa na moja.

Nilimpigia mhandisi. Alinisomea jedwali la vipimo polepole, kama mtu anayemsomea mtoto, nami nikaandika mgongoni mwa tiketi ya boti. Tarakimu ya ukinzani wa kupinda kwa boriti ya 300 ni 8,356. Kwa ile ya 240 ni 3,892, na mbili zikijumlishwa ni 7,784, bado pungufu. Uzito wa zile mbili, kwa upande mwingine, ni kilo 61.4 kwa mita. Yaani tungelipa takriban shilingi 390,000 zaidi ili tupate boriti inayopinda zaidi. Kinachoizuia boriti isipinde ni kina chake kuliko wingi wa chuma chake, na kwa miaka yote niliyokagua vitabu vya watu sikuwahi kukutana na bidhaa ambayo ukiongeza kilo unapunguza faida waziwazi namna ile.

Daftari langu la siku zilizofuata halipendezi kusomwa. Gari la kupeleka bandarini, nauli ya shehena mpaka bandari ya Malindi, Unguja, makuli, na gari jingine mpaka Fuoni vilikula 185,000. Ilibidi kila ncha ya boriti iwekewe mto wa zege na sahani ya chuma ili uzito usiyaponde matofali, na hilo hakuna aliyelitaja tulipokuwa tukibishana bei. Kwa sababu ya hewa ya chumvi, chuma kilisuguliwa mpaka kikang'aa, kikapakwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Sehemu itakayobaki nje ilizungushiwa waya na kupigwa plasta nzito, kwa kuwa chuma kikifikia nyuzi joto 600 hivi hubakiwa na takriban nusu ya nguvu zake, na jiko la mama lilikuwa upande wa pili wa ukuta. Nilipofunga hesabu, pamoja na ada ya mhandisi, boriti ya 861,000 ilikuwa imetugharimu 1,681,000. Ningependa kusema kwamba niliitarajia tofauti hiyo.

Siku ya kuipandisha walikuja watu kumi na winchi mbili za cheni, zikatundikwa kwenye miguu mitatu mitatu ya miti. Mama alikaa chini ya mwembe na shanga zake za tasbihi. Alipoona kuwa miti iliyobeba winchi ni mikoko, alimwita fundi mkuu akamwonesha kwa kidole, bila kusema neno, na fundi akacheka mpaka akakaa kitako. Ilichukua dakika arubaini. Ikakaa juu ya mito yake bila kutetereka.

Kwa kuwa tulihitaji mita 5.4 tu, kilibaki kipande cha sentimita 60, kilo 25 na ushei, ambacho tulikilipia kama vingine. Nilitaka kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, mama akakataa. Amekiweka uani, na juu yake huegesha mtungi wa maji. Na mgeni akiuliza ni kitu gani kile, huambiwa kwanza bei yake, shilingi 86,000, ndipo akaribishwe ukumbini.