Jinsi ninavyotenganisha maneno pacha ya Kiingereza

Kazi yangu ni kupitia ripoti za Kiingereza kabla hazijachapishwa, nami nimelelewa na lugha inayoandikwa kama inavyotamkwa. Kiingereza hakina adabu hiyo. "Their", "there" na "they're" husikika sawa, na mara nyingi programu ya kusahihisha tahajia huyapitisha tu, maana kila moja ni neno halali.

Kukariri orodha ndefu hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni kuuliza kwanza: je, sikio linaweza kuyatofautisha?

Wakati mwingine linaweza, tena kirahisi. Sisi hatuchanganyi "saa" na "zaa". Basi nomino "advice" huishia kwa sauti ya s, na kitenzi "advise" kwa z. "Loose", yaani kilicholegea, ina s. "Lose", kupoteza, ina z. Nikiisoma sentensi kwa sauti, kosa linajitaja lenyewe. Ila "practice" na "practise" hutamkwa vilevile: Uingereza ya kwanza ni nomino na ya pili kitenzi, Marekani wanatumia "practice" kwa yote mawili. Kwa hiyo kabla sijagusa ripoti namuuliza mwenyewe anafuata tahajia ya wapi.

Sikio hilohilo lina uziwi wake. Kwa mazoea ya i yetu moja, "live" na "leave" huweza kusikika kama neno moja, na hapo naiangalia maana tu: mtu anakaa au anaondoka?

Ritifaa ndiyo iliyonichukulia muda. Kwetu ni alama ya sauti, ndiyo inayotenga ng' ya ng'ombe na ng ya ngoma. Kwa Kiingereza haina sauti. Katika "it's" inashika nafasi ya herufi iliyodondoshwa. Basi naifungua iwe "it is" au "it has". Sentensi ikisimama, ritifaa inabaki. "The company lost it is licence" haisimami, kwa hiyo ni "its". Anayebisha namwonyesha "his", "hers", "ours" na "theirs": zote zinaonyesha umiliki na hakuna yenye ritifaa. Kipimo hichohicho kinamaliza "you're" na "your", "who's" na "whose".

Kuhusu "affect" na "effect", wengi hufundishwa kwamba ya kwanza ni kitenzi na ya pili nomino, wakaishia hapo. Kwa kawaida ni kweli, lakini "effect" nayo huwa kitenzi: "to affect a change" ni kuyaathiri mabadiliko ambayo tayari yapo, "to effect a change" ni kuyaleta. Kwenye mkataba tofauti hiyo si ndogo, kwa hiyo sikisii, namuuliza mwandishi.

Usomaji wa mwisho siuamini, kwa sababu jicho likishaelewa maana huacha kuona herufi. Natumia amri ya kutafuta, neno moja baada ya jingine, nikisimama kila linapotokea. Orodha yangu hubadilika kwa kila mwandishi, maana kila mmoja ana pacha wake wanaomsumbua. Ya karibuni kuingia ni "discrete", yaani zilizotengana moja moja, na "discreet", yaani mwenye kutunza siri. Ripoti ya takwimu ilijaa "discreet data" kutoka mwanzo hadi mwisho, na sijui ni siri gani namba zile zilikuwa zinatunza.