Darasa la Awali: Kazi Isiyoonekana Daftarini

Mzazi anapompokea mtoto kutoka darasa la awali, jambo la kwanza analolitafuta ni daftari. Likiwa limejaa herufi a zilizopangwa mstari kwa mstari, huridhika. Likiwa tupu, huanza kutilia shaka iwapo mwalimu aliingia darasani siku hiyo. Baada ya kufundisha watoto wa miaka mitano katika shule ya serikali hapa Tanzania, nimefikia maoni ambayo wazazi wengine hawayapendi: kwa sehemu kubwa ya mwaka wa awali, kazi ya kumfikisha mtoto kwenye kusoma hufanyika masikioni na kinywani, na daftari haliwezi kuionyesha.

Kiswahili kinatupa nafuu tusiyoitumia ipasavyo. Kina irabu tano tu, kila moja na sauti yake isiyobadilika, na maneno yake mengi hukatika wazi katika silabi zinazoishia kwa irabu. Mtoto anayeweza kulipigia makofi neno samaki, kisha akasema ni silabi ipi iliyotangulia na ipi iliyofunga, amekwisha kuelewa jinsi neno linavyojengwa, hata kama hajaumba herufi moja. Ugumu huja penye m. Katika mtoto, m ni silabi inayojitegemea, hivyo makofi ni matatu. Katika mbuzi imeshikamana na b, na makofi ni mawili. Watoto hubishana sana juu ya jambo hili, nami huwaacha wabishane, kwa sababu anayeusikiliza mwanzo wa mbuzi kwa makini kiasi hicho ana sababu nzuri ya kutoandika buzi akifika darasa la kwanza. Ng'ombe na ngoma huleta ubishi wa namna hiyohiyo.

Kuna pia suala la majina ya herufi. Mtoto aliyekaririshwa a, be, che, de anaweza kuziimba zote hadi mwisho bila kuweza kusoma neno baba, kwa kuwa be ikiunganishwa na a haitoi ba. Ni afadhali aanze na sauti za herufi chache, aziunganishe, na majina yaje baadaye. Mkanganyiko huwa mkubwa zaidi mijini, kwa watoto waliopitia chekechea zinazofundisha kwa Kiingereza: jina la Kiingereza la herufi e linasikika karibu sawa na irabu yetu i, na mtoto akitaka kuandika kiti huandika kete. Mtoto huyo si mzito wa kuelewa. Amesikiliza vizuri mno.

Najua pingamizi la walimu wenzangu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini tangu ada ifutwe mwaka 2016 madarasa mengi yamefurika, na kunakili kutoka ubaoni ndiyo njia rahisi ya kuwatuliza watoto. Hata hivyo, michezo ya silabi haihitaji vifaa, na kundi kubwa huiweza. Kona za kujifunzia zinaweza kuanza na vizibo vya soda vilivyoandikwa silabi kwa kalamu ya wino mzito, huku watoto wengine wakichora herufi kwenye mchanga nje ya darasa.

Nyumbani, mzazi asiyejua kusoma ana nafasi kubwa kuliko anavyodhani. Anapotega kitendawili, nyumba yangu haina mlango, mtoto hulazimika kuyashika maneno kichwani na kuyatafutia maana isiyotajwa mpaka alifikie yai; kazi hiyohiyo itamsubiri katika kila habari ya ufahamu. Vivyo hivyo hadithi inayokatizwa kabla ya mwisho ili mtoto aseme anavyodhani itaishaje. Kama lugha ya nyumbani ni Kisukuma au Kimaasai, hadithi na isimuliwe kwa lugha hiyo, kwa ufasaha na kwa maneno mengi. Simwelewi mwalimu anayemwagiza bibi aongee na mjukuu Kiswahili cha kubahatisha, wakati ana lugha nzima ya kumrithisha.

Wazazi wengine hulalamika kwamba hawana vitabu vya watoto, na ni kweli kwamba vitabu hivyo ni ghali kwa familia nyingi. Maandishi, lakini, yamo ndani ya nyumba: kwenye mfuko wa unga, kwenye pakiti ya chumvi, kwenye kanga ya mama. Kanga inafaa hasa, kwa kuwa jina lake ni sentensi kamili ambayo mama anaijua kwa moyo na anaweza kuipitishia kidole neno kwa neno hata kama kusoma kwake ni kwa shida. Mara nyingi jina hilo huchapwa kwa herufi kubwa, ilhali shuleni tunaanza na herufi ndogo, na wazazi huniuliza kama mtoto hatachanganyikiwa. Akiijua KA ya kanga kabla ya ka ya ubaoni, hakuna ubaya wowote. Mzazi amwonyeshe tu, na akiulizwa hiyo nyingine ni herufi gani, amjibu siku hiyohiyo bila kumwambia kwamba shuleni bado hawajafika huko.